Somo kwanza au kifaa kwanza? Jinsi mwalimu anavyojifunza ubunifu wa teknolojia

Katika semina za walimu kuhusu teknolojia darasani hukosi kuisikia kauli hii: ufundishaji kwanza, kifaa baadaye. Mkufunzi huitamka kwa uhakika, walimu wakaitikia kwa vichwa, kisha muda wote uliobaki ukaishia kwenye kifaa: bonyeza hapa, fungua akaunti pale, hifadhi, tuma. Wengi huilaumu semina kwa kutofuata kauli yake. Mimi naona kauli yenyewe nayo inapaswa kuhojiwa, kwa kuwa inafaa kwa kazi moja na inapotosha katika nyingine.

Wanaoitetea wana ushahidi wa kutosha. Mwaka 1983 mtafiti wa elimu wa Marekani, Richard Clark, alipitia tafiti nyingi zilizolinganisha njia za kufundishia, akahitimisha kwamba chombo chenyewe hakimfanyi mwanafunzi ajifunze zaidi. Alisema lori linaloleta vyakula halibadilishi lishe ya walaji. Kinachomsaidia mwanafunzi ni mbinu iliyomo ndani ya somo, na mbinu hiyo ingeweza kumfikia kwa njia nyingine.

Yaliyofuata hayakumkanusha kirahisi. Peru iligawa kompyuta ndogo kwa wanafunzi kwa wingi, na tathmini iliyotolewa mwaka 2012, iliyohusisha shule 319, haikuona mabadiliko katika alama za hisabati na lugha. Tuwe waungwana: majaribio ya uwezo wa jumla wa kufikiri yalionyesha dalili njema kidogo. Mwaka 2015 OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, nalo likaripoti kwamba nchi zilizowekeza sana kwenye kompyuta za shule hazikuwa zimepiga hatua ya kuonekana katika matokeo ya kusoma, hisabati na sayansi.

Ushahidi unaonigusa zaidi ni mdogo kuliko huo. Eric Mazur, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alianza miaka ya 1990 kukatiza mihadhara yake kwa swali la kuchagua jibu. Wanafunzi hujibu, hubishana na jirani, kisha hujibu tena. Mbinu ikaenea pamoja na vitufe vya kielektroniki vya kupigia kura, na watu wakadhani siri imo kwenye vitufe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha wanafunzi waliotumia vitufe na wenzao walioinua kadi za karatasi. Waliojifunza kwa kadi hawakupitwa. Kazi ilifanywa na ubishi.

Hapo mtu angeweza kufunga mjadala na kurudi kwenye ubao. Lakini mtafiti mwingine wa elimu, Robert Kozma, alimjibu Clark mwaka 1991 kwamba vyombo havifanani: kila kimoja kina uwezo wake, na zipo mbinu zisizowezekana bila uwezo huo. Naona ana hoja. Chukua lugha ya kompyuta ya Logo, iliyobuniwa mwaka 1967 na Seymour Papert na wenzake, ambayo mtoto huitumia kumwamuru “kobe”, alama ndogo inayotembea kwenye skrini, achore: mbele 50, kulia 90. Akiombwa kuchora pembetatu yenye pande sawa, mtoto aliyekariri kuwa kila pembe yake ni nyuzi 60 huandika kulia 60. Mchoro haufungi. Inabidi agundue kwamba kobe hageuki kwa pembe ya ndani bali kwa pembe ya nje, nyuzi 120. Kosa limejionyesha lenyewe kwenye skrini, bila mwalimu kuliwekea alama ya kosa, na mtoto analirekebisha papo hapo. Daftari halina uwezo huo.

Au chukua simu. Mwalimu wa fizikia anawaambia wanafunzi warekodi mpira ukianguka mbele ya rula ndefu iliyosimamishwa ukutani. Kamera nyingi za simu hupiga picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo ukisimamisha video kila baada ya picha 3 unapata vipande vya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kipande cha kwanza mpira umeshuka takriban sentimita 5, cha pili 15 zaidi, cha tatu 25 zaidi. Moja, tatu, tano: uwiano wa namba witiri ambao mwanasayansi Galileo alilazimika kuutafuta kwa kuviringisha mipira kwenye mteremko, kwa sababu mpira unaoanguka wima ulikuwa na kasi mno kupimwa kwa saa zake. Mwanafunzi anaupata akiwa ameketi kwenye dawati. Mchapuko, yaani kasi inavyoongezeka, ambao hapo kabla ulikuwa fomula tu, sasa unahesabika kwa kidole.

Swali ninalowauliza watetezi wa kauli ni hili: mwalimu huyo angelifikiaje wazo hilo kwa kuanzia kwenye andalio la somo? Asingelifikia. Ilibidi kwanza awe amechezea video, akaisimamisha, akaisogeza picha moja moja, pengine bila sababu yoyote ya maana. Mwalimu anayeanza na somo lake la mwaka jana na kujiuliza kifaa kitamsaidia wapi hupata somo lilelile la mwaka jana likiwa kwenye slaidi. Ubao umehamia kwenye projekta, na wanafunzi bado wananakili.

Kwa hiyo ninaigawa kauli mara mbili. Kama kipimo cha somo lililokwisha kuandaliwa, naikubali yote, tena bila huruma. Ukitaka kujua kama video ile ilikuwa na faida, uliza mwanafunzi alikuwa anawaza nini dakika ile anarekodi. Kama alikuwa anachagua muziki wa kuiwekea, kipindi kimepotea, hata kama darasa lilichangamka. Uchangamfu huwadanganya wakaguzi, na huwadanganya walimu wenyewe zaidi. Lakini kama maelekezo ya namna mwalimu anavyojifunza, kauli hiyo inamnyima hatua ya kuchezea kifaa, ambayo ndiyo inayozaa mawazo. Akili mnemba imeifanya hatua hiyo kuwa ya haraka zaidi, lakini kipimo hakijabadilika.

Hii pia inaeleza kwa nini semina za jumla hazizai matunda. Mwaka 2006 watafiti wa elimu Punya Mishra na Matthew Koehler walieleza kwamba mwalimu anahitaji ujuzi wa somo, wa kufundisha na wa teknolojia vikiwa vimefungamana. Ukimkusanya mwalimu wa historia na wa kemia katika ukumbi mmoja kujifunza programu ileile, unawapa kile kimoja kati ya vitatu ambacho wangeweza kujifunza wenyewe nyumbani.

Wapinzani wa teknolojia wana hoja moja ambayo kwangu ni nzito kuliko hata ile ya alama: muda. Kuchezea kifaa kunakula saa, na mwalimu mwenye ratiba iliyojaa na rundo la madaftari ya kusahihisha hana saa hizo. Kumwambia awe mbunifu bila kumpunguzia chochote ni kumtwisha mzigo na kuuita fursa. Jibu linalotekelezeka ni dogo: mada moja tu kwa muhula, ile ambayo wanafunzi huikosea kila mwaka, na walimu wawili wa somo moja wakipewa kipindi kimoja kwa wiki kwenye ratiba ya shule wakichezee kifaa pamoja. Kipindi hicho kisidaiwe ripoti, kwa sababu ripoti ikidaiwa walimu watachagua jambo lisiloweza kushindikana, yaani slaidi. Shule isiyoweza kutoa hata kipindi kimoja iache kununua vishikwambi kwa sasa.