Basi la Moja kwa Moja na Abiria Asiyekunywa Maji

Kila shule zikifungwa, na kila Maulidi ya Lamu yakikaribia, malalamiko juu ya mabasi ya moja kwa moja kati ya Mokowe, gati la bara la kuvukia kisiwani Lamu, na Mombasa huanza upya, na kila yakianza hupokewa kwa jibu moja: abiria wa siku hizi wamedeka. Wanaojibu hivyo hukumbusha enzi ambazo msafiri wa Lamu alisubiri feri pale Kilifi, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, na miaka ambayo njia ya Garsen hadi Mokowe ilikuwa tope tupu wakati wa masika, gari likikwama watu wakalala humo humo. Leo kilomita 135 za njia hiyo zina lami, siti ni laini, mapazia yapo madirishani, na bado watu wananung'unika kwamba intaneti haishiki na chaji haifanyi kazi. Kwa mtazamo huo, wanaolalamika ni watu waliopewa shubiri wakataka pima. Nadhani jibu hili limeyasikiliza malalamiko madogo likayaacha makubwa.

Madogo yapo, sikatai. Safari yangu ya mwisho nilipanda basi ambalo ubavuni limeandikiwa intaneti ya bure, nayo haikuwepo. Tundu la chaji la siti yangu lilikuwa limeng'oka, nyaya mbili zikining'inia, na kiyoyozi kilitoa hewa ya moto mpaka tukafungua madirisha kabla ya kufika Witu. Kilichoandikwa ubavuni mwa basi na kulipiwa katika nauli kinapaswa kuwepo au kufutwa. Zaidi ya hapo sioni la kujadili, kwa sababu simu ikizimika mtu hufika salama.

Kubwa ni lile linalosemwa kwa sauti ya chini, hasa na wanawake na wazee, kwa kuwa ni jambo la haya, nalo ni kwenda haja. Ili kulielewa inafaa kuuliza kwanza basi la moja kwa moja linauokoa wapi muda wake. Tangu kanuni za mwaka 2004 zilizobaki na jina la waziri John Michuki, gari la abiria nchini Kenya hufungwa kifaa cha kuzuia mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Kutoka Mokowe hadi Mombasa ni kilomita zipatazo 340. Hata barabara ingekuwa tupu mwanzo hadi mwisho, safari ingechukua saa 4 na robo, na hakuna anayefika kwa muda huo. Vipo vizuizi vya polisi ambapo abiria hushuka na vitambulisho mkononi, wakapita mmoja mmoja na kupanda tena upande wa pili. Upo msongamano wa Mtwapa, ambako upanuzi wa barabara umewaongezea wasafiri subira ndefu. Yote hayo dereva hana uwezo wa kuyapunguza.

Dar es Salaam, mabasi ya mwendokasi yaliyoanza Mei 2016 yalipewa njia yao wenyewe, kilomita zipatazo 21 katika awamu ya kwanza kati ya Kimara, Kivukoni na matawi yake. Huko nako watu wanalalamika, wakibanana vituoni na kusimama kifua kwa mgongo, lakini dakika anazookoa abiria zinatoka kwenye foleni aliyoikwepa, na kila mtu anaiona foleni hiyo pembeni yake. Basi letu halina njia yake. Linapita lami ile ile, kwa mwendo ule ule, na kukaguliwa kwenye vizuizi vile vile pamoja na basi la kawaida. Kilichobaki kupunguzwa ni kusimama tu. Kwa hiyo haraka inayouzwa katika ofisi ya tiketi imetengenezwa kwa vituo vilivyoondolewa, na kituo kinachoondolewa kwanza ni kile kisichomwingizia mtu pesa, yaani kituo cha choo.

Siku hiyo nilikaa nyuma ya bibi mmoja aliyekuwa akienda kliniki Mombasa, amefuatana na mjukuu wake wa kiume. Tulipoondoka Mokowe utingo alimgawia kila abiria chupa ndogo ya maji. Bibi aliipokea kwa shukrani, akaifuta vumbi kwa kiganja na kuitia kikapuni. Tulipokaribia Minjila jua lilikuwa limeshakuwa kali, mjukuu akamaliza maji yake na kuomba mengine, naye akampa ile chupa ya kikapuni. Kabla mtoto hajaifunga, bibi alichovya ncha ya leso yake, akajipangusa midomo, akaikunja leso mahali palipolowa. Nilikuwa na maji ya akiba. Nikamwambia, "Bibi, kunywa haya, safari bado." Akageuka nusu na kunijibu kwa sauti ya kunong'ona: "Mai n'tanwa Mombasa, mwanangu. Tangu jana magharibi sijanwa."

Tangu jana magharibi. Tulivuka kwa boti kabla jua halijachomoza, basi likaondoka saa moja ya asubuhi, na tulifika Mombasa karibu na saa nane mchana. Kwa hesabu hiyo bibi alikaa bila maji kwa muda unaopita funga ya Ramadhani, bila daku na bila nia. Wala hakuwa peke yake. Tangu siku ile nimewauliza jamaa, majirani na wanawake ninaowakuta gatini, na jambo hili wanalijua wote kama wanavyojua nauli: ukisafiri kesho, leo jioni unafunga mdomo.

Nimelifikiria hili kuliko mengine yote yanayosemwa juu ya mabasi, kwa sababu madhara yake hayaishii garini. Wengi wanaoshuka Mombasa kutoka Lamu ni wagonjwa wanaofuata huduma za kibingwa, au ni wazee wanaopelekwa na watoto wao. Mwenye kisukari hupata haja ndogo mara kwa mara na kiu haimwachi. Akijinyima maji, sukari katika damu yake huzidi kukolea. Mwenye presha mara nyingi huandikiwa vidonge vya kutoa maji mwilini, na vidonge hivyo humpeleka msalani ndani ya saa chache. Asubuhi ya safari havimezi. Hilo nimeambiwa waziwazi na zaidi ya mtu mmoja, bila kuona kwamba ni jambo la ajabu. Maana yake ni kuwa mgonjwa anaacha dawa ili aweze kusafiri kwenda kupimwa kama dawa inamfaa. Akifika, kipimo kinaonyesha presha imepanda, na daktari asiyejua habari ya basi anaweza kuona dozi haitoshi akaiongeza. Mgonjwa anarudi nyumbani na dozi iliyopimwa kwa mwili ulioachwa bila dawa. Akianza kuimeza yote, kila siku, kama alivyoagizwa, presha inaweza kushuka kupita kiasi, na kizunguzungu chake kitahesabiwa kuwa ni uzee. Katika mnyororo huo wote hakuna aliyefanya uzembe, si daktari, si mgonjwa wala si jamaa waliomsindikiza. Kilichoharibu ni dakika 15 ambazo basi halikusimama mahali penye choo.

Kuna wanaosema abiria akibanwa basi husimama kando ya njia. Husimama, wakati mwingine, na hapo ndipo tofauti inapojitokeza. Wanaume hushuka wakaingia nyuma ya kichaka na kurudi. Mwanamke aliyevaa buibui, mjamzito, mzee wa kutembelea mkongojo, msichana aliye katika siku zake, hao hubaki kitini wakitazama mbele. Kusimama porini ni huduma ya nusu ya basi.

Wenye mabasi nao wana hoja nzito. Barabara ya Lamu ina historia ya damu. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, mabasi yalisafiri kwa msafara chini ya ulinzi wa polisi. Januari 2020 basi la abiria lilishambuliwa kwa risasi Nyongoro na watu wakauawa. Dereva anayekataa kusimama msituni anazichunga roho zilizo nyuma yake, na mwenye kumlaumu kwa hilo hajawahi kuipita njia ile na hofu tumboni. Mwisho wa mwaka 2023, mvua za El Niño zilipofunika barabara maeneo ya Lango la Simba, hasara ya magari kulala ilikuwa ya wenye magari. Choo cha ndani ya basi, ambacho wengine wanakidai, huchukua nafasi ya siti za kulipiwa, kinataka maji na mahali pa kumwagiwa, na kikikosa kusafishwa abiria wa viti vya nyuma ndio watakaojuta, mimi sikidai. Juu ya hayo kuna ushindani: anayesimama akachelewa kwa nusu saa ataona abiria wamehamia kwa mwenzake wiki ijayo, hasa katika safari ya kurudi, ambapo anayefika Mokowe usiku huhangaika kutafuta boti ya kuvukia.

Nazikubali hoja hizi, ila zinajibu swali ambalo abiria hakuliuliza. Hakuna aliyeomba basi lisimame Nyongoro. Wanaomba lisimame Minjila, yaani kwenye njia panda ya Garsen, na Malindi mjini, palipo na hoteli, misikiti na vyoo vya kulipia, na ambapo basi linapita kwa vyovyote. Wala si kweli kwamba basi halisimami. Tulipoingia Malindi mzee mmoja wa siti za mbele aliomba dakika 5 za msalani. Utingo alimjibu kwa adabu, "Gari hii ni ya moja kwa moja, mzee, haisimami." Baada ya pale hadi Mtwapa nilihesabu, na basi lilisimama mara 9, Gede, Matsangoni, Kilifi na kwingineko, likipakia watu wa kusimama kwenye ujia na kushusha wengine.

Hapa ndipo ninapoona ugumu wa kweli wa suala hili, ugumu ambao walalamikaji wenzangu huuruka. Wale wa Matsangoni ni wasafiri kama sisi. Mama aliyepanda na gunia la maembe, akalibana kati ya miguu yake na mlango, alikuwa amesimama juani kwa muda nisioujua, na basi kamili la moja kwa moja lingempita likamwachia vumbi. Sitaki safari yangu iwe ya haraka kwa gharama ya mama yule. Lakini basi likiamua kumchukua, na mimi naona ni sawa limchukue, limeacha kuwa la moja kwa moja, na nauli ya ziada iliyotozwa Lamu imekosa msingi. Muda ule ule umeuzwa mara mbili: kwanza kwa bibi aliyelipa zaidi ili basi lisisimame, kisha kwa abiria wa njiani aliyelipa ili lisimame. Mwenye gari amepokea kwa wote wawili, na bibi akaambiwa hakuna nafasi ya choo kwa sababu ya haraka.

Sheria ya Trafiki inamkataza dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa 8 kwa jumla katika saa 24, kwa sababu mwili wa dereva una kiwango chake cha kustahimili. Mwili wa abiria nao una kiwango. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya huduma ya ubora unaofaa na haki ya kupewa habari zitakazomwezesha kufaidika nayo. Kifungu cha 54 kinamtaja mtu mwenye ulemavu na haki yake ya kuvifikia vyombo vya usafiri wa umma. Neno la habari ndilo ninalolishikilia zaidi. Bibi yule asingejinyima maji tangu magharibi kama angejua kwa hakika kwamba basi litasimama Minjila na Malindi. Anajinyima kwa sababu hajui, na asiyejua hujiandaa kwa baya zaidi. Hata wa sala wangepata utulivu kwa kusimama huko: msafiri ameruhusiwa kupunguza sala na kukusanya adhuhuri na alasiri, kwa hiyo hakuna anayedai basi lisimame kila adhana ikisikika. Kituo kimoja kinachojulikana mapema kingewatosha wa msalani, wa sala na dereva anayehitaji kunyoosha mgongo.

Vituo viwili vya dakika 15 ni nusu saa katika safari ya saa 7. Nusu hiyo inaweza kupatikana kwa kupunguza kupakia njiani, au inaweza kuongezwa kwenye ratiba wazi wazi na abiria akajua atafika saa nane na nusu badala ya saa nane. Vyovyote itakavyokuwa, sidhani kwamba abiria wa Lamu atahamia basi jingine kwa ajili ya nusu saa aliyotangaziwa. Anayehama ni yule aliyeahidiwa asipewe.

Tiketi ya siku ile ninayo bado. Ina jina langu kwa kalamu, namba ya siti, nauli, saa ya kuondoka, na chini mstari unaosema kampuni haitawajibika kwa mizigo iliyopotea. Chini ya mstari huo kuna nafasi nyeupe ya vidole viwili, inayotosha kuandikwa majina mawili ya miji na dakika za kusimama.