Miti Tumepanda, Mfereji Nani Atauzibua?

Bango jingine limesambaa kwenye simu za watu wiki hii. Mikono miwili imekumbatia mche, nembo saba zimepangwa chini kama wageni wa heshima, na ahadi iko katikati: miche elfu tano msituni kwa siku moja, fulana bure, chakula cha mchana kipo. Tarehe? Wiki ya pili ya Desemba. Mvua za vuli zinakunja mkeka, sisi ndio kwanza tunatandika wetu. Huo mche utapata unyevu wa wiki mbili tatu, kisha Januari na Februari ziukaange bila mafuta. Mwezi wa tatu utakuta vijiti, na nusu ya vijiti hivyo bado vimevaa mfuko wa nailoni, kwa sababu hakuna aliyemwambia mpandaji achane mfuko kabla ya kufukia. Mizizi huzunguka humo ndani kama kuku kizimbani hadi mti unakufa umejinyonga.

Sina ugomvi na kupanda miti. Kenya, nchi ambayo watu walipigwa kwenye msitu wa Karura, Nairobi, mwaka 1999, mwanamazingira Wangari Maathai akiwa miongoni mwao, kwa sababu ya kwenda kupanda miche, haiwezi kuuchukulia mche kama mchezo. Tumepewa hata likizo: tarehe 13 Novemba 2023 taifa zima liliambiwa lishike jembe, na lengo la serikali ni miti bilioni 15 kufikia 2032. Haya. Sasa niambieni, kati ya hayo mabilioni, ni nani aliyepewa kazi ya kuzibua mfereji wa njia inayopita katikati ya msitu?

Kinachoua njia ya msituni ni maji. Miguu inasaidia tu. Watu wakipita kila siku, katikati ya njia hushindiliwa na kudidimia, na udongo uliolegea pamoja na majani husukumwa pembeni. Upande wa bondeni hujengeka tuta dogo, urefu wa vidole viwili vitatu. Ukipita haraka hulioni. Nyasi zikishaota juu yake limeshika, na kuanzia siku hiyo ulichonacho si njia tena, ni mtaro. Maji ya mvua huingia juu, hukosa pa kutokea, hukimbia mita hamsini au sitini yakizidi kasi na kubeba udongo mwekundu. Masika mawili yakipita, mizizi iko wazi na mahali pengine mtu anazama hadi gotini.

Hapo ndipo miguu inaingia. Hakuna anayependa tope, kwa hiyo kila mtu hukwepa kando kidogo. Kando nayo ikawa tope, anakwepa zaidi. Njia iliyokuwa na upana wa mita moja inakuwa na mita sita, na miche ya mukinduri, mti wa asili, iliyojiotea yenyewe, bila bango wala fulana, imekanyagwa yote. Tunaua miti ya bure hapa, tunanunua mingine tuipande pale.

Na dawa inayopendwa ni ipi? Lori la murram, ule udongo wa changarawe wa barabarani. Linamwagwa katikati ya mtaro ule ule, picha inapigwa, mvua ya kwanza inaibeba murram yote hadi mtoni. Murram juu ya njia isiyotoa maji ni pesa umeifundisha kuogelea.

Kazi yenyewe haihitaji lori. Inahitaji watu sita, majembe matatu, koleo mbili, sururu moja na reki ya chuma. Na inaanza kwa kitu ambacho hakuna mdhamini atakayekipiga picha: kutembea njiani mvua ikinyesha, na gambuti miguuni. Maji yenyewe yatakuonyesha yanapoingilia na yanapoanza kukimbia. Weka alama kwa kigingi hatua chache juu ya hapo yanapoanza kukimbia, maana kazi utaifanyia hapo. Wengi huchimba palipoharibika, na kwa kuchimba hapo wameshachelewa mita ishirini. Nusu saa ya kutembea kwenye mvua inaokoa siku nzima ya kubahatisha kiangazi.

Mvua ikikatika na udongo ukiacha kunata kwenye jembe, bomoa lile tuta la upande wa bondeni. Usilitupe vichakani! Huo ni udongo wa njia, uvute urudi katikati, ushindilie kwa mgongo wa jembe na visigino. Unataka njia ilale kidogo kuelekea bondeni, sentimita tano hivi kwa kila mita moja ya upana. Kupima ni rahisi: chukua ubao wa mita moja, ulaze kukingama njia, weka kiberiti kilichosimama wima chini ya ncha ya upande wa bondeni, kisha weka pima maji ya fundi juu. Ubao ukisoma sawa, umepatia. Ukipindukia sana, watu watateleza na baiskeli zitakulaani.

Penye mteremko mkali hilo pekee halitoshi, inabidi ukate maji. Mkato mzuri ni kama wimbi pana, na hauna sura ya mfereji mwembamba. Chimba kukingama njia kwa mshazari, nyuzi 45 hivi, kina cha sentimita kumi na tano pale katikati, lakini ushuke polepole kwa karibu mita tatu kutoka upande wa juu. Udongo unaotoka ndio unaojenga mgongo upande wa chini, nao uwe mpana wa mita tatu vile vile. Shindilia tabaka kwa tabaka. Ukichanganya majani na vijiti humo umejenga godoro, litabonyea mvua ya kwanza na maji yatapita juu yake yakicheka.

Lakini sehemu inayoharibu mikato mingi ni mdomo. Watu humaliza nguvu zote katikati ya njia, wakifika pembeni wamechoka, wanaacha tundu la upana wa kiganja. Jani moja likikaa, mchanga unajaa nyuma yake, na baada ya wiki tatu mkato umekuwa bwawa. Mdomo uwe mpana kuliko mkato wenyewe, walau mita moja, na maji yaongozwe mita mbili zaidi hadi mahali ardhi inaposhuka yenyewe. Usiyaelekeze kwenye shina la mti wala kwenye njia nyingine iliyo chini. Kama mdomo hauwezi kusafishwa kwa koleo moja kwa dakika mbili, umejengwa vibaya.

Magogo ya kukinga maji ndiyo yanayopendwa na wanaoanza kwa sababu yanaonekana kama kazi. Yanaoza, maji yanachimba chini yake, na waendesha baiskeli huyazunguka wakikupa njia mpya ambayo hukuiomba. Kama lazima, tumia mawe, na theluthi mbili za jiwe ziwe chini ya ardhi.

Yote haya yana ratiba: Februari kabla ya masika, Septemba kabla ya vuli. Katikati ya mvua, mtu mmoja na koleo apite kusafisha midomo kila wiki mbili. Hiyo ndiyo kazi ya kujitolea. Haina miche elfu tano. Ina mtu yule yule anayerudi mahali pale pale hadi anajua ni jiwe gani limehama.

Lantana, kile kichaka vamizi, nayo ina wapenzi wake, wale wa panga. Wanakuja Jumamosi, wanafyeka nusu ekari hadi panapendeza, wanaondoka. Shina lililobaki linachipua machipukizi kumi mahali palipokuwa na matatu. Lantana hung'olewa. Kata matawi kwanza ubakize kisiki cha urefu wa goti upate pa kushika, zungushia sururu, ng'oa kisiki pamoja na fundo la mizizi, kisha kilaze juu ya rundo mizizi ikitazama jua. Ikiwa imeshazaa yale matunda meusi, usiiburure msituni kote ukipanda kwa niaba yake. Ardhi uliyoiacha wazi ifunikwe kwa majani, na urudi baada ya kila msimu wa mvua kwa miaka miwili au mitatu, kwa kuwa mbegu ziko udongoni zinasubiri mwanga, na ndege wanaleta nyingine. Usiporudi, bora usingeanza.

Nakubali, shingo upande, kwamba siku za mabango zina faida. Mdhamini anayelipia miche wakati mwingine hulipia majembe pia. Mtoto anayepanda mti akiwa na miaka minane anaweza kurudi akiwa na ishirini. Lakini watu mia mbili wakiingia msituni kwa pamoja, udongo wanaoushindilia kwa viatu asubuhi moja unaweza kuzidi kazi ya mikono yao. Kumi na wawili wanatosha, wakiachana hatua tatu tatu ili jembe la mmoja lisitafute kichwa cha mwenzake.

Ruhusa ya afisa wa msitu lazima, hilo halina mjadala. Njia ya mkato iliyofunguliwa na mtu mwenye nia njema ni njia ya wachoma mkaa pia. Na kuhusu mvutano wa mwaka 2025 kati ya KFS, shirika la serikali la misitu, na Friends of Karura, kikundi cha wananchi wanaoutunza msitu huo, juu ya fedha za viingilio, nitasema moja tu: yeyote atakayeshika sanduku, koleo la kila wiki mbili linunuliwe kutoka humo.

Nimelitazama tena lile bango. Chini, kando ya nembo ya saba, kuna nafasi nyeupe ya kutosha mstari mmoja: Jumamosi ya kwanza ya Februari, saa moja asubuhi, njoo na gambuti na jembe lenye mpini usiocheza.