Acheni kudharau meza ya senti mbili

Kuna voisi imezunguka kwenye grupu letu la poka ya mtandaoni, ule mchezo wa karata wa hela, wiki hii. Jamaa anaongea kwa kujiamini utadhani anagawa utume: "Mtaji mdogo unachezwa kibabe, meza ndogo ni za waoga." Basi makofi ya emoji yakamiminika. Dogo mmoja wa Sinza akaitii. Akaweka laki moja, kwa kubadilisha ni kama dola 40, akakaa meza ya senti 10 na 25 za dola, yaani dau mbili za lazima zinazowekwa kabla ya karata kugawiwa. Kiingilio kamili pale ni dola 25. Yaani zaidi ya nusu ya mtaji ilikuwa mezani kabla hajagawiwa karata hata moja.

Akashika ree (A) mbili. Hela zote ndani, mwenzake kafunua wafalme wawili, karata ya mwisho mezani ikashuka mfalme, wakawa watatu. Grupu likawaka: programu imechezewa, wazungu wanatuibia! Jamani, ree mbili zikikutana na wafalme wawili huliwa karibu mara moja katika kila mara tano. Hesabu hiyo haimjui mtu wa Sinza wala wa Oysterbay. Dogo alicheza karata zake vizuri kabisa, ila alikaa meza isiyo yake.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Laki ile ile, meza ya senti 1 na 2, ni viingilio 20 vya dola mbili mbili. Ukiliwa ree zako mara tatu usiku mmoja, utasonya, utalala, na asubuhi bado una dola 34. Unaendelea kufikiri kama binadamu. Sasa mtazame mwenye dola 15 za mwisho kwenye meza kubwa: anatupa karata nzuri kwa sababu anaona kodi ya chumba, kisha dakika kumi baadaye anasukuma zote na saba na nne ili "arudishe". Huo ndio ubabe wenyewe? Mwenye genge mtaani kwetu hatii hela yake yote kwenye matenga ya nyanya siku moja, maana anajua nyanya huoza. Poka hajawahi kuisikia, na jambo hili analielewa kuliko grupu zima.

Chris Ferguson, bingwa wa dunia wa poka wa mwaka 2000, alianza bila senti pale Full Tilt, kampuni ya poka ya mtandaoni, kwa mashindano ya kuingia bure, akapandisha hadi dola 10,000. Sheria yake ya meza za pesa: usiingie na zaidi ya asilimia 5 ya mtaji. Bingwa wa dunia huyo, anagombania senti! Najua mtanirukia kwamba alikuwa mkurugenzi wa kampuni hiyo hiyo, iliyoporomoka 2011 na kuacha hela za wachezaji zimekwama. Haya, kweli. Toeni mlichoshinda mapema, msikifanye akiba ya benki. Asilimia 5 inabaki pale pale.

Mkopo wa kausha damu si mtaji, sitaki hata kulijadili. Na umeme wa kwetu mnaujua: ukikatika na bando nalo likaisha, saa ya meza haikungoji, karata zako zinatupwa.

Ukifika dola 100, jaribu senti 2 na 5. Ukiporomoka hadi 80, rudi chini. Kupanda kila mtu anakuweza. Kushuka ndiko watu wanaona haya, sijui wanamwonea nani, wakati mezani wewe ni jina la kubuni na kapicha ka simba.

Ila wale mnaoniuliza kama mtaacha kazi, ngoja tupige hesabu. Tuseme wewe ni mkali kweli, na baada ya makato ya meza bado unabaki na senti 20 kwa kila mikono mia, yaani karata zikigawiwa mara mia. Hiyo ni kama shilingi mia tano. Meza moja haikupi mikono mia kwa saa, kwa hiyo fungua mbili. Mia tano kwa saa, na bando hujalipia.