Laini ya Simu Ilitangulia Sheria

Wanaharakati wa Argentina wakitajwa, picha inayorushwa ni moja tu: alfajiri ya 30 Desemba 2020, umati wenye vitambaa vya kijani mbele ya Bunge mjini Buenos Aires, watu wanalia na kukumbatiana kwa sababu Seneti imehalalisha utoaji mimba kwa kura 38 dhidi ya 29. Ni picha nzuri, ila inameza kazi yote iliyotangulia. Miaka 11 kabla ya kura ile, kikundi kidogo kilifungua laini ya simu. Kiliitwa Lesbianas y Feministas por la Descriminalización del Aborto, yaani wasagaji na wanafeministi wanaotaka utoaji mimba usiwe jinai. Mimi naona simu ile ilifanya kazi kubwa kuliko maandamano yoyote, na kwamba neno la kwanza katika jina lile halikuwekwa kwa pambo.

Najua neno “msagaji” kwetu hurushwa kama jiwe, na wengi hupendelea kusema “wanawake wanaopenda wanawake”. Hapa naliacha lilivyo, kwa kuwa wenyewe wangeweza kujificha nyuma ya jina laini kama “wanawake kwa afya” na hawakufanya hivyo.

Tuanze na sheria. Kanuni ya adhabu ya Argentina ya 1921 iliruhusu mimba itolewe pale tu uhai au afya ya mama ilipokuwa hatarini, na kwa baadhi ya waliobakwa. Hilo la kubakwa liliandikwa kwa utata kiasi kwamba hospitali zilidai kibali cha hakimu, na kibali kikifika mimba imeshakua. Mahakama ya Juu ilimaliza ubishi huo Machi 2012: aliyebakwa, yeyote yule, anatoa tamko la kiapo na kuhudumiwa, bila kupita mahakamani. Wengine wote walibaki na vichochoro.

Kilichobadilisha mambo ni kidonge cha vidonda vya tumbo. Misoprostoli iliingia maduka ya dawa ya Brazili katikati ya miaka ya 1980, na wanawake wa huko, si madaktari, ndio waliotambua kwamba onyo la “isitumiwe na mjamzito” lilikuwa pia maelezo ya matumizi. Habari ilisambaa mdomo kwa mdomo, na kama ilivyo kwa habari ya namna hiyo, dozi zilisambaa vibaya. Kuna waliotumia kidonge kimoja na kuishia na mimba inayoendelea, na kuna waliomeza kumi kwa mkupuo. Dawa ilikuwapo; kilichokosekana ni mtu wa kuisema sawasawa.

Pengo hilo ndilo laini za simu zilizoziba. Ecuador ilitangulia 2008. Mwaka 2009 Argentina na Chile zikafuata, na katika nchi zote mbili wasagaji walikuwa mstari wa mbele. Kikundi cha Argentina kiliongeza kitabu cha mwongozo mwaka 2010, cha kupakuliwa bure, kinachoeleza hatua kwa hatua kwa lugha ya jikoni.

Watu hudhani laini kama hii ni simu moja na moyo wa huruma. Ingekuwa hivyo ingefungwa mwezi wa kwanza. Kinachoilinda ni nidhamu ya maneno. Anayepokea haambii mtu “fanya hivi”. Anasema: Shirika la Afya Duniani linapendekeza hivi. Taarifa zilizochapishwa na shirika la umma si siri, na kuzisoma kwa sauti ni uhuru wa kujieleza. Kuuza dawa au kumshika mtu mkono ni jambo jingine mbele ya mwendesha mashtaka. Kwa hiyo laini haiuzi kidonge, haipokei hela, haitaji duka.

Mazungumzo yenyewe yana mpangilio. Swali la kwanza ni siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Mimba huhesabiwa kuanzia siku hiyo, si siku ya tendo. Anayesema “wiki sita tangu tulale pamoja” yuko kwenye wiki ya nane hivi. Kosa la wiki mbili si dogo, kwa sababu mapendekezo ya shirika kuhusu mwanamke kujisimamia mwenyewe nje ya hospitali yanaishia wiki ya 12. Swali la pili: ana kitanzi? Kikiwapo kinatolewa kwanza. La tatu: ana tatizo la damu kutoganda, au anatumia dawa za kuyeyusha damu? La nne ni maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kuzirai, au maumivu ya bega. Hizo ni dalili za mimba iliyotunga nje ya kizazi. Vidonge haviiondoi, na kuchelewa kunaua. Huyo anaambiwa aende hospitali sasa hivi. La tano husahaulika na ndilo la busara kuliko yote: hospitali ya karibu iko dakika ngapi, na nani atakuwa naye nyumbani?

Baada ya hapo ndipo dozi inasomwa. Mapendekezo ya 2022 kwa mimba isiyozidi wiki 12 ni mifepristoni miligramu 200, kisha baada ya siku moja au mbili misoprostoli mikrogramu 800, yaani vidonge vinne vya 200. Mifepristoni isipopatikana, misoprostoli peke yake, mikrogramu 800, ikirudiwa kwa nafasi ya angalau saa tatu hadi mimba itoke. Argentina ilikaa miaka mingi bila mifepristoni halali, na misoprostoli ya dukani ilichanganywa na diklofenaki ndani ya kidonge kimoja, jambo lililoleta hofu za bure kwamba dawa ya maumivu inazuia kazi. Haizuii. Ibuprofeni hutuliza maumivu haya vizuri kuliko paracetamoli, na ni ukatili mtupu kumwacha mtu avumilie kwa sababu ya uvumi.

Kuharibika kwa mambo pia kuna sababu zake. Vidonge vya chini ya ulimi vikimezwa mapema, kabla ya nusu saa kupita, havifanyi kazi ipasavyo. Vidonge vya magendo huweza kuwa chokaa tupu. Baridi, kutetemeka na homa saa chache baada ya misoprostoli ni kawaida. Homa inayopita siku nzima, au inayokuja na uchafu wenye harufu mbaya, ni maambukizi. Damu inayojaza pedi mbili kubwa kwa saa moja, saa mbili mfululizo, si ya kungojea asubuhi. Kutotoka damu kabisa ndani ya siku moja nako ni habari: ama dawa haikufanya kazi, ama mimba iko nje ya kizazi. Halafu kuna kipimo cha mkojo, ambacho huweza kuonyesha mimba hata wiki nne baadaye kwa sababu homoni hazijaisha mwilini. Anayepima siku ya tano hujitia hofu bure na kurudia dozi.

Mwaka 2012 mtandao wa Socorristas en Red ulijitokeza na kuongeza kile ambacho simu peke yake haiwezi: kukutana ana kwa ana katika vikundi vidogo, kufuatiliwa kwa simu wakati wa kutumia dawa, na kupelekwa baadaye kwa mtaalamu asiyehukumu. Pia waliweka kumbukumbu, bila majina: umri, wiki, watoto alionao, bima, jinsi mtaalamu alivyompokea. Mswada ulipofika kwenye kamati za Bunge mwaka 2018, nchi ilikuwa tayari na hesabu zilizokusanywa na watu wasio na ofisi. Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 129 dhidi ya 125, Seneti ikakataa 38 kwa 31. Lakini mjadala haukuwa tena kama mimba zitatolewa. Kila mtu alijua zinatolewa, na kwa njia gani. Miaka miwili baadaye kura zikageuka.

Kwa nini wasagaji? Swali hili huulizwa kwa dharau: wao mimba inawahusu nini? Inawahusu. Msagaji hubakwa, na wengine hubakwa kwa kisingizio cha kumrekebisha. Msagaji huozwa. Msagaji huzaa kwa hiari pia, na hukuta kliniki ikimwuliza mume yuko wapi. Zaidi ya hayo kuna hoja waliyoijenga wao: dola inayomlazimisha mwanamke kuzaa na dola inayomwambia alale na nani zinatumia mkono uleule. Tena walikuwa na ujuzi ambao wengine hawakuwa nao. Waliojificha miaka mingi wanajua kutunza siri ya mtu, kuendesha kikundi bila fedha, na kuzungumza na polisi bila kutetemeka. Julai 2010 Argentina iliruhusu ndoa za jinsia moja, na harakati zile mbili zilikuwa na watu walewale, zikikopeshana mbinu na mawakili.

Huku kwetu nasikia hoja ya kinyume: ninyi kaeni nyuma kwanza, mtatuharibia suala la afya ya uzazi. Sikubaliani nayo. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 26(4), inaruhusu utoaji mimba pale mtaalamu wa afya aliyefunzwa anapoona dharura au hatari kwa uhai au afya ya mama. Bado miongozo ya Wizara ya Afya iliondolewa 2013, ikabidi majaji watano wa Mahakama Kuu waseme Juni 2019 kwamba kuiondoa kulikuwa kinyume cha sheria. Na katika mwaka uleule wa 2013, bodi ya mashirika yasiyo ya kiserikali ilikataa kusajili shirika la kutetea wasagaji na mashoga. Mahakama ya Juu ilimaliza kesi hiyo Februari 2023, majaji watatu kwa wawili. Waliozuiwa kukusanyika na waliozuiwa kutibiwa walikuwa wakisubiri kwenye korido moja. Kenya ina laini yake pia, Aunty Jane, jina linalokumbusha kikundi cha Jane cha Chicago, wanawake waliojifunza kutoa mimba wenyewe kati ya 1969 na 1973; saba kati yao walikamatwa 1972.

Sheria ya Argentina, namba 27.610, inatoa haki hadi wiki ya 14 na kuitaka huduma itolewe ndani ya siku 10 tangu iombwe. Daktari akikataa kwa dhamiri lazima ampeleke mgonjwa kwa mwingine. Kwenye karatasi. Mjini kuna wa kumpeleka kwake. Katika mikoa ambako hospitali nzima ina madaktari wanaokataa, siku 10 huisha barabarani. Tangu serikali ilipobadilika Desemba 2023, ununuzi wa kitaifa wa dawa hizi umekatika na mikoa imeachiwa ijinunulie. Simu za Socorristas bado zinaita. Swali la kwanza ni lilelile la tarehe ya hedhi. La pili, siku hizi, ni uko mkoa gani.