Fahari ya Janjira ni ya nani?

Picha ya ngome ya Janjira haikai muda mrefu kabla haijazunguka tena mitandaoni, na maelezo yake ni yale yale: Waafrika waliopelekwa India utumwani wakageuka watawala, wakashika ngome katikati ya bahari ambayo hakuna aliyewahi kuiteka. Watu wetu huisambaza kwa furaha, na furaha hiyo ina haki yake, maana habari za utumwa tumezoea kuzisikia kama habari za walioonewa tu. Lakini huko huko Maharashtra, jimbo ilimo ngome yenyewe, kisa hiki husimuliwa vingine kabisa, na wanaokisimulia hivyo nao wana hoja.

Janjira imejengwa juu ya kisiwa cha mwamba karibu na Murud, mji mdogo wa wilaya ya Raigad, kilomita zipatazo 165 kusini mwa Mumbai. Ni mji wa minazi, mipopoo na wavuvi wa Kikoli. Kwenda ngomeni unapanda mashua kijiji cha Rajapuri. Ukiwa majini unaona ukuta tu, wenye kimo cha kama mita 12, unaochomoza moja kwa moja kutoka baharini. Mlango hauonekani mpaka mashua iwe imekaribia kabisa. Ukutani hapo amechongwa mnyama mfano wa simba, amewabana tembo kwa makucha. Ndani kuna hodhi la maji matamu, ingawa bahari imezunguka pande zote. Nguvu ya Janjira ni hiyo: anayeishambulia hana njia ila kuja kwa chombo, mbele ya mizinga, na waliomo ndani hawafi kiu. Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa katika karne ya 16, ilitekwa zaidi ya mara moja. Waomani waliichukua mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu.

Waliojitengenezea jina huko Janjira ni Masidi, maofisa wenye asili ya Uhabeshi waliotumikia usultani wa Ahmadnagar. Aliyevuma kuliko wote katika usultani huo ni Malik Ambar, mzaliwa wa Ethiopia aliyeuzwa utotoni, akapitia Mocha na Baghdad, akaishia kuwa mwenye kauli ya mwisho Ahmadnagar hadi alipofariki mwaka 1626. Janjira nayo ilipata mabwana wake wa Kisidi mwanzoni mwa karne ya 17. Jambo linalonivutia zaidi ni namna walivyopokezana uongozi. Kwa muda mrefu haukuwa urithi wa baba kwa mwana. Wakubwa wa Kisidi walimweka wanayemwona anafaa. Karibu na mwaka 1670, Fateh Khan, mtawala wao wa wakati huo, alipoelekea kumkabidhi Shivaji ngome, wenzake walimwondoa madarakani na vita vikaendelea. Shivaji, mfalme wa Wamaratha, watu wa Maharashtra, aliitaka Janjira maisha yake yote asiipate. Mwanawe Sambhaji aliizingira mwaka 1682, akajaribu hata kuujaza mawe mkondo wa maji ili askari wavuke kwa miguu. Akashindwa. Miaka michache baadaye Sidi Yakut wa Janjira alishuka Bombay (Mumbai ya leo) na kuwabana Waingereza ndani ya ngome yao kwa zaidi ya mwaka. Anayejivunia watu hawa hajatunga kitu.

Sasa tuwasikilize Wamaratha. Kwao Sidi ni amiri wa majeshi ya baharini ya Aurangzeb, mfalme wa Wamogoli. Meli zake zilishuka pwani ya Konkan, zikachoma vijiji na kuondoka na mateka. Hapa ndipo simulizi ya mitandaoni inaponyamaza, na ukimya huo unanikera. Huwezi kusherehekea mtu aliyevunja minyororo yake halafu ukafumba macho anapowafunga wengine. Isitoshe, raia wa Janjira hawakuwa Waafrika. Mwaka 1901 dola hiyo ilikuwa na watu wapatao 85,000, wengi mno wakiwa Wahindu, na Masidi walikuwa mia chache tu, jamaa za nawabu, yaani mtawala wa dola, walioishi kwa mafao yake. Kuiita dola ya Kiafrika ni kumfuta Mkoli na mkulima aliyelipa kodi.

Hata ile sifa ya kutotekwa ina mipaka yake. Ukuta haukuanguka, ndiyo, lakini vita vya miaka ya 1730 dhidi ya Bajirao, waziri mkuu wa Wamaratha, na nduguye Chimaji Appa viliwanyang'anya Masidi sehemu kubwa ya nchi yao ya bara, na mwaka 1736 jemadari wao Sidi Sat aliuawa vitani. Kuanzia mwaka 1834 waliishi chini ya ulinzi wa Waingereza. Mwaka 1948 dola iliunganishwa na India huru bila mzinga kulia.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaotaka Masidi waonekane kama wavamizi wa kigeni tu. Walikaa pale zaidi ya miaka mia tatu, wakaoa huko, wakazikwa huko. Makaburi yao makubwa ya mawe yapo Khokri, karibu na Rajapuri. Hao ni Wahindi wenye asili ya Afrika, na Maharashtra haitapungukiwa na chochote kwa kuwahesabu kuwa sehemu ya historia yake.

Kwa sisi wasomaji wa Kiswahili liko suala jingine lenye uzito zaidi. Manawabu wa Janjira walijihesabu Wahabeshi. Walio karibu nasi kwa damu ni Masidi wa kawaida wa Gujarat na Karnataka: uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 uliwaonyesha kuwa na nasaba na Wabantu wa Afrika Mashariki. Kule Gujarat bado wanacheza goma, kwa ngoma na jina ambalo Mswahili hahitaji kufasiriwa, na kule Ratanpur wanamzuru mtakatifu wao Bava Gor. Hawana ngome wala mizinga. Wengi ni vibarua na wakulima wadogo. Wa wilaya ya Uttara Kannada, Karnataka, walisubiri hadi mwaka 2003 kuingizwa katika orodha ya makabila yanayostahili ulinzi wa kikatiba, na Sidi wa kwanza kuingia katika baraza la kutunga sheria la jimbo hilo, Shantaram Siddi, aliteuliwa mwaka 2020. Kwangu mimi habari ya uteuzi huo ilistahili kusambazwa kama inavyosambazwa ile picha ya ngome, na haikusambazwa. Undugu tunaoutangaza tunauelekeza kwa manawabu ambao dola yao ilikwisha mwaka 1948, ilhali kijijini Jambur, pembeni mwa msitu wa Gir, wapo Masidi walio hai wanaocheza goma mbele ya watalii ili wapate riziki.