Si ngozi peke yake

Eti maradhi ya skleroderma ni ngozi kukakamaa tu? Dada yangu hapa Kisauni ilimwanzia kooni: kiungulia kila usiku, hamri likikwama kifuani mpaka alisukume kwa maji. Akalishwa dawa za vidonda vya tumbo weee. Kumbe kinga ya mwili imegeuka kumshambulia mwenyewe, misuli ya umio, ile njia ya chakula kwenda tumboni, imelegea na asidi yapanda ovyo. Wagonjwa wengi wa maradhi haya huguswa umio. Kilichomshtua daktari ni vidole: akishika bilauri ya barafu vyageuka vyeupe pe, na joto lote hili la Mombasa! Siku hizi kitanda chake kimeinuliwa matofali upande wa kichwani, asidi isipande. Kwa wenye mgonjwa kama huyu, tumbo kujaa gesi mwalituliza vipi?