Sabuni ya Mama, Saruji ya Baba

Kila asubuhi, nikiwa ndani ya teksi kutoka Ntinda kuelekea katikati ya Kampala, redio hunikumbusha kwamba sabuni ni ya mama na saruji ni ya baba. Kinachoniudhi ni kwamba matangazo hayo yanarushwa katika nchi ambayo mwanamke, Specioza Kazibwe, aliteuliwa kuwa makamu wa rais mwaka 1994, na ambayo Katiba yake ya 1995, katika kifungu cha 33, inawapa wanawake hadhi sawa na wanaume. Juzi mwanangu wa kiume alikataa kuosha kikombe chake (cha plastiki, tena!), akidai kwamba redioni hajawahi kusikia baba yeyote akiosha vyombo. Nilikosa jibu, kwa sababu hata mimi sijamsikia.